Mbiu Nyuma ya Macho

Hapo kale, walinzi wanaozunguka katika damu ya binadamu walikuwa mabubu. Aliyemwona adui alipigana naye peke yake, asiweze kuwaita wenzake. Kwa hiyo homa ndogo tu iliua watu.

Huko milima ya Upare alikuwako mama aliyeitwa Nakiete. Homa ilikuwa imemnyang'anya watoto, ikamwachia kitinda mimba, Mbonea. Naye alipoanza kuchemka mwili, Nakiete alimbeba mgongoni akaingia msitu wa mizimu, ambako ukungu hautoki hata adhuhuri.

"Wapeni walinzi wake sauti!" akalia.

Ukungu ukamjibu kwa sauti ya marehemu mama yake. "Tutawapa, wake na wako na wa watu wote. Lakini mwanangu, waisikiao mbiu hawaulizi."

"Wapeni tu, mama."

Mbonea akatoka jasho, akaomba uji.

Mavuno mawili yakapita. Ndipo mlinzi mmoja akapita shingoni mwa Nakiete, akaiona tezi yake, akaidhania adui, akapiga mbiu. Wenzake wakamiminika. Shingo ikaota rovu, moyo ukamwenda mbio, mikono ikatetemeka. Mbiu ikazidi kusambaa: adui ana sura hii! Kumbe nyuma ya macho kulikuwa na nyama zenye sura kama ya tezi. Walinzi wakazivamia nazo. Zikafura, zikayasukuma macho nje, hata kope zisikutane.

Alfajiri Mbonea alimkuta mama yake akikoroma huku macho makavu, mekundu, yakimkodolea.

"Mama, umeamka?"

Mkoromo ukaendelea. Mtoto akatoka mbio akipiga yowe, na kabla jua halijapanda majirani walikuwa uani wakinong'ona: mchawi huyu, halali usingizi.

Nakiete akarudi msituni. "Ichukueni sauti yenu," akasema.

"Tutaichukua," ukungu ukajibu kwa upole uleule. "Na homa itakapomrudia Mbonea, hakuna atakayeita."

Nakiete hakuweza hata kufumba macho ili afikiri.

"Basi iacheni," akasema, akageuka kwenda nyumbani.

Na hadi leo walinzi huitana ndani yetu sote, nasi twapona homa zilizowamaliza wazee wetu. Ila kuna ambao mbiu huwalilia bure, wakavimba shingo, wakatokwa na macho. Msiwaite wachawi. Lowesheni kitambaa, muwafunike macho wapate kulala.