Masikio Matatu ya Gereza la Ngwazu

Wenye kupenda kuamua kesi za watu, sogeeni karibu. Leo nina kesi iliyonishinda, na haikunishinda kwa ugumu. Imenishinda kwa sababu kila nikiwatazama wahusika wake, sioni hata mmoja ambaye ningemkaribisha chai.

Gereza la Ngwazu lilikuwa na chumba kidogo nyuma ya stoo ya majembe. Ndani mlikuwa na meza tatu, na juu ya kila meza hedifoni moja na daftari moja. Kila Alhamisi wafungwa na mahabusu walipanga foleni kwenye simu ya ukutani, kila mtu dakika kumi, waongee na watu wao. Na kila neno lililopita kwenye simu hiyo liliingia katika chumba kile, masikioni mwa askari watatu ambao kazi yao ilikuwa kusikiliza. Nani anapanga kutoroka, nani anaagiza bangi, nani anamtishia shahidi. Juu ya simu palibandikwa kibao: SIMU HII INASIKILIZWA. Wafungwa walikisoma, kisha wakakisahau, maana mtu akishasikia sauti ya mama yake hana habari tena na vibao.

Wa kwanza wa wale watatu aliitwa Koplo Kipingu, na kipawa chake kilikuwa lugha. Baba yake alikuwa mtu wa reli, akihamishwa stesheni hadi stesheni, na Kipingu alipofika miaka kumi na mitano alikuwa anasema lugha tisa. Mfungwa akibadili lugha katikati ya sentensi, akidhani ameruka ukuta, alimkuta Kipingu amemsubiri upande wa pili. Kipawa kikubwa hicho. Yeye alikitumia kuigiza, saa ya chai, jinsi mzee mmoja wa kifungo cha miaka thelathini alivyomlilia mkewe kwa lugha ya kwao, akitafsiri neno kwa neno ili wenzake nao wapate kucheka.

Wa pili aliitwa Tunsume, na kipawa chake kilikuwa sauti. Akikusikia mara moja, amekuweka. Urudi baada ya miaka kumi, una mafua, umebana pua, unajiita jina jingine, Tunsume atakwambia wewe ni nani na mara ya mwisho uliongea nini. Kwa kipawa hicho alijua mke wa askari gani anampigia askari gani, na hakuwa mchoyo wa habari hizo.

Wa tatu aliitwa Siwatu, mwanamke mtu mzima, mkimya. Wengine walisikia mtu anaongea. Yeye alisikia mahali. Alitofautisha mvua ya juu ya bati na mvua ya juu ya makuti, chungu kinachochemka maharage na kinachochemka maji matupu. "Huyu anamwambia mumewe yuko kanisani," angesema bila kuinua kichwa, "na mimi nasikia glasi zinagongana." Hapo chumba kizima kingeangua kicheko, na yule mume, upande wa pili wa ukuta, angekuwa bado anamwambia mkewe, "Niombee, mama."

Ndivyo walivyoishi, miaka minne, kama watu waliokodi viti vya mbele kwenye misiba ya wenzao.

Siku moja mkuu wa gereza, Mrakibu Lyoba, aliingia chumbani. Huyu alikuwa mtu wa sare iliyopigwa pasi vizuri na kichwa ambacho hakikupigwa chochote. Akasema, "Makao makuu wanataka mtu mmoja kutoka kwenu. Ni cheo, na ofisi yenye dirisha na feni. Atakayeniletea jambo kubwa, nafasi ni yake."

"Mmoja tu, afande?" akauliza Tunsume.

"Ningewapeleka watatu, nani abaki kusikiliza?"

Kuanzia siku hiyo watu waliokuwa wakigawana hata vicheko wakaanza kufunika madaftari kwa viwiko, kama watoto wa darasa la pili.

Sasa, gerezani humo kulikuwa na mahabusu aliyeitwa Kassale, bwana wa magogo ya wizi. Alishitakiwa kumuua askari wa msitu kwa shoka. Mtu mmoja tu ndiye aliyeona: mrina asali aliyeitwa Chausiku, aliyekuwa juu ya mti siku hiyo akitega mzinga. Polisi walimficha Chausiku mahali ambapo anwani yake ilikuwa katika faili moja tu, lililofungiwa masijala ya mahakama. Kesi ilipangwa Jumatatu, wiki mbili na siku nne mbele.

Alhamisi ya kwanza Kassale alipiga simu kwa mwanamke aliyemwita mama mdogo. Waliongea habari za mahindi na homa za watoto. Katikati, haraka, Kassale akatupa maneno machache katika lugha ya watu wa milima ya mbali, lugha ambayo aliamini gerezani hakuna aliyeijua. Kipingu aliijua. Kassale alisema: "Mtafuteni yule mwanamke wa mizinga. Jumatatu ile isimkute hai." Kipingu akaandika, akapiga mstari chini yake mara mbili, akafunga daftari. Hakujua mwanamke huyo yuko wapi wala mama mdogo ni nani. Akajiambia: nikilipeleka sasa, ni neno tu. Nikingoja liive, nitawakamata wote, peke yangu. Akaenda kunywa chai.

Alhamisi ya pili mama mdogo aliongea kuliko kawaida, na Tunsume akakaa wima. Sauti ile aliijua. Kila mwezi yeye ndiye aliyepiga simu masijala kuuliza tarehe za kesi za mahabusu, na sauti iliyomjibu, "Subiri nikuangalizie," ndiyo hii hii iliyokuwa ikijiita mama mdogo. Karani wa mahakama, mwenye ufunguo wa faili! Tunsume alijua hapo kuna jambo baya, ingawa hakujua ni lipi. Akatoka mbio mpaka mlangoni kwa Mrakibu Lyoba. Alipoinua mkono kugonga, akasikia ndani sauti ya Kipingu, anacheka na mkuu. Akafikiri: nikisema mbele ya huyu, kesho litakuwa lake. Akateremsha mkono. Akarudi.

Alhamisi ya tatu zikabaki siku nne tu. Safari hii Kassale alipopiga, aliyepokea alikuwa mwanamume. "Tumeshafika," yule mtu akasema. "Panapendeza." Basi. Kwa Kipingu na Tunsume hilo halikuwa jambo. Lakini nyuma ya ile sauti Siwatu alisikia mashine ya kusaga yenye mkanda mbovu, inayokohoa mara mbili kisha inavuta pumzi, na mbali kidogo ringi ya gari ikigongwa kuwa kengele ya shule. Mashine ile aliifahamu kama anavyofahamu kikohozi cha mtu wa nyumbani. Ilikuwa kijijini Lukonde, nayo ilikuwa mali ya mwanamume aliyemuoa, akamfukuza na mabegi yake mchana kweupe mbele ya wateja wenye debe za mahindi. Siwatu hakuwahi kumwambia mtu habari hiyo. Akaona: nikisema nimeitambua mashine, wataniuliza nimeijulia wapi, na Kipingu atakuwa na mchezo mpya wa kuigiza saa ya chai. Akaandika katika daftari: "Hakuna cha maana."

Ijumaa asubuhi, huko Lukonde, kwenye nyumba alikofichwa Chausiku, binamu yake aliyeitwa Mwanjaa alitoka uani kuanika mtama, amevaa kofia ya ukindu ya Chausiku kwa sababu jua lilikuwa kali. Watu wawili wakaingia na mapanga. Hawakuuliza jina. Mwanjaa aliinua mkono wa kulia kujikinga uso, na mkono huo ukakatwa juu ya kiwiko. Majirani walipopiga kelele, wale watu wakakimbia. Chausiku alikuwa ndani ya ghala, amelala kifudifudi juu ya magunia, anasikia kila kitu. Kituo cha polisi cha pale kikaandika kwamba ni wezi wa kuku.

Jumamosi, saa ya chai, Kipingu alikuwa anasoma gazeti kwa sauti. "Sikieni hii. Mwanamke akatwa mkono na wezi wa kuku Lukonde. Kuku jamani! Hao wezi wangeingia mabanda yetu hapa wangekatana wenyewe kwa..."

"Lukonde?" Siwatu akakatiza. Chai ilikuwa inamwagika mapajani mwake wala haisikii. "Lukonde ndiko walikokuwa."

"Akina nani?"

"Watu wa Kassale. Juzi. Niliisikia mashine."

Kipingu akaweka chapati chini. "Huyo aliyekatwa ni mrina asali?"

"Umejuaje habari za mrina asali?" Tunsume akauliza.

Kipingu akajifuta mafuta ya chapati vidoleni. "Kassale alisema auawe kabla ya Jumatatu. Kwa lugha yao."

"Alisema lini?"

"Alhamisi ya kwanza."

"Wiki mbili, Kipingu!"

"Na wewe mbona umegeuka rangi? Wewe una nini?"

Hapo Tunsume akawaambia habari za karani. Dakika tano tu, watu watatu na chapati mbili, na jambo lote likawa limelala mezani: nani atauawa, nani ameuza anwani, na wauaji wako wapi. Dakika tano ambazo zingeweza kupatikana Alhamisi ile, Mwanjaa akiwa bado anafua nguo zake kwa mikono miwili.

Wakasimama wote watatu, wakaenda kwa Mrakibu Lyoba. Naye, kama mjuavyo watu wa aina yake, akasema waandike ripoti. Kwa mara ya kwanza maishani mwao walifanya jambo bila kuangalia nani anawaona. Tunsume alinyakua simu ya mkuu, akampigia karani, akaiga sauti ya mtu wa Kassale ili ahakikishe, na karani akajikaanga mwenyewe. Siwatu alichora ramani ya Lukonde, mashine, shule na kichochoro cha nyuma, mahali ambapo mtu angejificha akingoja kurudi. Kipingu alipanda gari la polisi lililokwenda Lukonde bila ruhusa, na walipofika kwenye kile kichochoro akawasikia wale watu wakinong'ona kwa lugha yao kwamba waliyemkata siye, na kwamba wanaingia tena baada ya sala ya alasiri. Wakakamatwa na mapanga yao. Jumatatu Chausiku alisimama mahakamani akaeleza alichokiona akiwa juu ya mti. Kassale akafungwa maisha. Karani naye ana kibao chake cha kusoma sasa, juu ya simu ya gereza jingine.

Mwezi ulipopita, Mrakibu Lyoba akaitisha gwaride. Bendi ya wafungwa ilipiga, wageni wakapewa soda. Mkuu alishika barua ya makao makuu yenye nafasi moja ya jina, wazi. Hakutaka kuamua. Kila mmoja wa wale watatu alikwisha kwenda ofisini kwake kwa siri kueleza kwamba bila yeye wenzake wasingefika popote, na kila mmoja alisema kweli. Basi mkuu akafanya wanachofanya waoga wenye vyeo: akamtupia mzigo aliyeumia. Akamwita Mwanjaa mbele, akampa barua na kalamu. "Mama, wewe ndiye mwenye haki ya kuchagua."

Mwanjaa aliitazama kalamu. Alikuwa bado anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

"Wewe kaka," akamwambia Kipingu, "ulijua lini?"

"Wiki mbili kabla. Lakini ni mimi niliyekwenda nao, dada. Ningeweza kufa mle kichochoroni."

"Wiki mbili ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja... ushahidi ukamilike."

Akamgeukia Tunsume. "Na wewe?"

"Wiki moja na siku moja. Lakini mimi nilikwenda mpaka mlangoni. Hawa hata mlangoni hawakufika."

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Ulirudishwa tu," Tunsume akasema.

"Na wewe, mama?"

"Siku moja," Siwatu akasema. "Ndiyo siku iliyokukata mkono. Nilikuwa naona haya. Lakini ni mimi niliyefumbua mdomo wa kwanza."

Mwanjaa akamrudishia mkuu kalamu. "Mimi siandiki. Kila jina hapa linanuka."

Lakini Chausiku, aliyesimama nyuma yake, akasema, "Andika, mdogo wangu. Mimi ninapumua. Angepungua mmoja wao, nisingekuwa napumua. Usiifanye roho yangu kuwa kitu bure."

"Na mkono wangu je, dada? Huo ni kitu bure?"

Mrakibu Lyoba akakohoa, akatazama saa. "Nawakumbusha tu," akasema, "isipojazwa leo, nafasi hiyo nitampa shemeji yangu." Na shemeji yake alikuwepo pale, anakunywa soda ya pili, mtu ambaye hajawahi kusikia lolote maishani mwake isipokuwa kengele ya chakula.

Bendi ikanyamaza. Wale watatu wakatazamana, kila mmoja akiwadharau wawili waliobaki, na wote wakiwa na haki ya kudharau.

Haya, ninyi mnaojua haki. Aliyejua mapema kuliko wote na akahatarisha roho yake mwishoni? Aliyefika mpaka mlangoni? Au aliyesema wa kwanza, siku moja baada ya kuchelewa? Au mngeiacha barua wazi, shemeji aende akakae chini ya feni? Kalamu ingekuwa mkononi mwako wewe, ungeandika jina la nani? Na ukishaliandika, ungemtazamaje Mwanjaa usoni?