Gauni la Kwanza la Saumu

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni za juzijuzi tu, Saumu wa Msambweni alipanda ndege kwenda ng'ambo kushona nguo. Mkataba wake ulisema fundi cherehani. Alipofika, mdhamini wake, ambaye huko huitwa kafili, akachukua pasipoti yake, akaifungia kwenye droo, akampa ndoo na fagio.

"Na kushona?" Saumu akauliza.

"Utafanya ninachokuambia. Na bila ruhusa yangu, huhami kwenda kwa mwingine."

Mwaka ukapita. Saumu akapiga deki, akafua, akapiga pasi. Alikuwa pamoja na Mbeyu, msichana wa Kaloleni, ambaye pasipoti yake nayo ilikuwa kwenye droo ileile. Wawili hao walimtunza pia Bibi Thuraya, mama yake kafili, aliyekuwa hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa.

Asubuhi moja Dafroza, mpishi wa nyumba ya jirani, akaita kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Saumu! Sheria imebadilika! Aliyemaliza mwaka anahama bila ruhusa ya kafili. Nimeisoma mara tatu! Nenda ofisi ya kazi mwenyewe, pasipoti mkononi. Na kuna duka la magauni ya harusi linatafuta fundi. Nimeshakutaja."

Saumu akaikumbuka droo. Pasipoti ataitoaje?

Bibi Thuraya alikuwa amesikia yote kupitia dirisha la kando ya kitanda chake. Akamwita Saumu, akaingiza mkono chini ya mto, akatoa ufunguo wa akiba wa droo.

"Chukua iliyo yako, binti yangu. Mwanangu akiuliza, nitamjibu mimi."

Saumu akafungua droo, akaziona pasipoti zote mbili. "Mbeyu, twende wote!"

Mbeyu akamtazama bibi, akatikisa kichwa. "Dawa ya saa sita atampa nani? Nenda, dada. Kelele za kafili niachie mimi."

Saumu akaenda. Karani akasoma pasipoti, akasoma mkataba, akagonga muhuri. Saumu akatoka nje akicheka peke yake, wapita njia wakageuka kumtazama.

Kafili aliporudi alifoka hadi sauti ikamkauka. Lakini alijua sasa kwamba hata Mbeyu anaweza kuondoka. Akamrudishia pasipoti, akampa na Ijumaa yake ya kupumzika.

Huko dukani Saumu akashona gauni lake la kwanza, la hariri ya kijani. Mwenye duka akaligeuza huku na huku, akasema, "Gauni la kwanza la fundi siliuzi. Mpe umpendaye."

Ijumaa wakaja wote watatu, Dafroza mbele, Mbeyu akisukuma kiti cha magurudumu cha bibi. Wakaliona gauni.

"Ni langu," akasema Dafroza. "Bila mimi, mpaka leo ungekuwa unapiga deki, hujui kama sheria ipo."

"Kujua angejua," akasema Bibi Thuraya, "lakini angeenda ofisini mikono mitupu. Mimi nilimgeuka mwanangu wa kuzaa. Tangu siku ile hajala nami meza moja."

Mbeyu akaligusa gauni. "Ninyi mlimpa mlichokuwa nacho. Mimi pasipoti yangu ilikuwa mbele ya macho yangu, na mlango u wazi. Nikaiacha ndani ya droo, nikabaki na bibi ili yeye aende."

Wakaangua kicheko, wakakumbatiana, kila mmoja ameshika pindo la gauni.

Haya, wasikilizaji wangu. Wanawake watatu, gauni moja. Ungekuwa wewe ndiye Saumu, ungemvika nani?