Nge wa Mzee Mhina

Paukwa!
Pakawa!
Apewe nini?
Apewe ngumi!
Abakishiwe nini?
Abakishiwe meno!

Haya, mmeitika vizuri. Wewe wa nyuma, acha kutafuna, unanipotezea hadithi.

Hapo kale palikuwa na mji, Kwamawe. Mji wa mawe na nge. Nge kweli, yule mdudu, mkia juu! Kule mtu havai kiatu kabla hajakikung'uta. Na kule aliishi bingwa wa ngumi, Mzee Mhina, mwenye mkanda wa ngozi ya nyati kiunoni. Alikuwa hajapigwa tangu ujana wake. Lakini sasa amezeeka jamani. Akiinuka, magoti ko! Akiketi, ko! Akicheka tu, ko!

Ndipo akatokea kijana, Semdoe, kifua kama mlango. Akamlaza mhunzi. Akamlaza mchinjaji. Akamlaza tena mchinjaji, safari hii pamoja na kaka yake!

Basi soko likaacha kuuza, likabaki kubishana tu.

"Wangepigana leo, Mhina angemmaliza," akasema muuza ndizi.

"Wapi! Semdoe angemlaza," akasema muuza chumvi.

"Mhina angekuwa na magoti, sawa," akasema kinyozi, wembe kichwani mwa mtu. "Lakini anayo?"

Ange, wange, ange, kutwa kucha! Wakabishana mpaka wakashikana mashati, na wenye ngumi zao hawajasema neno. Jumbe wa mji akachoka. "Siku ya gulio wapigane, nipumzike."

Mhina akasikia, akausukuma ugali pembeni. Hakuogopa ngumi, la! Desturi ya Kwamawe ilikuwa hii: aliyeshindwa humbeba mshindi mabegani, akamzungusha soko zima mara tatu.

"Mke wangu, kupigwa nitavumilia," akamwambia Bi Mashavu. "Lakini kulibeba lile gogo? Magoti yatanibwaga mbele ya watu wote niliowafunza kukunja ngumi. Aibu gani hiyo! Ngekuwa kijana, wala nisingesema."

Mmesikia? "Ngekuwa." Wazee wa Kwamawe humeza mwanzo wa neno: ngekuwa, ngekula, ngelala. Likumbukeni hilo.

"Basi usishindwe, Baba Chonge," akasema Bi Mashavu, akaendelea kumkanda magoti.

Gulio likafika. Kamba ikazungushwa, wanaume wawili ndani, peku.

"Shikamoo, mzee," akasema Semdoe, kijana mwenye adabu zake.

"Marahaba, mwanangu."

Bu! Ngumi ya ubavu.

Wakapumzika, wakarudi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Bu! Ya tumbo.

Wakapumzika, wakarudi. "Shikamoo, mzee."

"Mara..."

Bu! Hata haba hakuisema.

Mhina mgongo kwenye kamba, dunia inamzunguka. Akaona amwambie kijana neno moja la mwisho, la kiume: ngekuwa na umri wako, saa hizi ungekuwa umelala. Akavuta pumzi, akafungua mdomo, pumzi ikamkatikia njiani. Kilichotoka ni hiki:

"NGE!"

Lahaula! Muuza ndizi juu ya mikungu. Kinyozi juu ya mteja. Jumbe juu ya kiti, kanzu kaishika mkononi. Na Semdoe, peku yule, akasimama kwa mguu mmoja, kichwa chini.

"Yuko wapi? Yuko wapi?"

Ko!

Safari hii halikuwa goti. Kilikuwa kidevu cha Semdoe.

Alipozinduka akalalamika, "Mzee alisema nge!"

"Sikumaliza kusema, mwanangu. Nilikuwa nasema ngekuwa na umri wako. Pumzi ikakatika."

"Jumbe, huu ni ujanja!"

Jumbe akashuka kitini, akajikuna kichwa. "Siku zote hizi soko zima linasema ange na wange, hakuna aliyeruka. Leo Mhina kasema moja tu, ndiyo kosa? Mbebe!"

Akabebwa. Mzunguko wa kwanza Mhina alicheka. Wa pili akapunga mkono. Wa tatu akayasikia yale mabega chini yake, hayatetemeki hata kidogo, akaona uchungu, akaona na fahari. Akafungua mkanda wa nyati, akamvisha kijana shingoni.

"Mzee, si umeshinda?"

"Nimeshinda, ndiyo maana natoa mwenyewe. Sasa nishushe polepole, bingwa."

Vigelegele hivyo, mpaka Semdoe akafuta macho.

Nyumbani Bi Mashavu akamwaga mafuta magotini. "Baba Chonge, mimi usinifiche. Ilikuwa pumzi au ujanja?"

Mhina akatazama dari, akavuta pumzi ndefu.

"Mke wangu, nge..."

Bi Mashavu huyo, juu ya kitanda!

Hadithi imeishia hapo. Ikiwa tamu, ibebeni mabegani mkaizungushe mji. Ikiwa chungu, nishusheni mimi hapa hapa, taratibu, nina magoti.