Alhamisi Tano za Msimamizi wa Mfereji

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika milima ya Yemeni palikuwa na kijiji kidogo kiitwacho Wadi Harda, ambacho watu wake wote walikunywa maji ya wakfu. Bibi mmoja mcha Mungu, miaka mingi kabla yao, alijengesha mfereji wa mawe kutoka chemchemi ya mlimani hadi birika lililokuwa ubavuni mwa msikiti, akaufunika kwa mabamba ya jiwe mwanzo hadi mwisho. Watu walichota birikani, na maji yaliyozidi yakateremka hadi kwenye hori la kunyweshea mifugo, chini kabisa ya kijiji. Bibi yule aliweka sharti moja tu katika wakfu wake. Kila Alhamisi msimamizi apande mlima, autembee mfereji wote kwa miguu yake, aguse kila bamba kwa mkono wake, kisha arudi mlangoni pa msikiti atangaze: "Kunyweni. Maji yenu ni salama, kwa dhamana yangu."

Katika zama hizo usimamizi ulikuwa mikononi mwa Mutarrifu bin Asimu, mtu wa sala na wa ukweli. Miaka kumi na tisa alipanda mlima kila Alhamisi, jua liwake, mvua inyeshe. Kisha moyo wake ukatamani zaidi. Alipoona umri unakwenda, alijiambia kwamba ibada zake ni chache, akaazimia kufunga sunna ya Jumatatu na Alhamisi, na kushinda msikitini akisoma Kurani kila siku ya saumu. Jumatatu haikuwa na tabu. Alhamisi ndiyo iliyomwelemea, kwa kuwa mwezi ule ulikuwa wa joto kali, na mlima wa Wadi Harda hauchezewi na mtu mwenye kiu. Alhamisi ya kwanza alitangaza, akajiambia atapanda Ijumaa, na Ijumaa ikapita. Alhamisi ya pili hakusema lolote. Alasiri alisimama mlangoni pa msikiti, midomo imemkauka, akatangaza dhamana yake kama ilivyokuwa desturi. Watu walimwona alivyokonda kwa saumu wakazidi kumpenda, na wengine wakambusu mkono.

Mkewe, Shifaa, hakuwa mtu wa kuuma maneno. Siku moja akimwandalia futari alimwuliza, "Bwana wangu, kwani mlima umehama?"

"Umehamia wapi, Shifaa?"

"Sijui. Naona tu Alhamisi hizi huendi, nikadhani haupo tena."

Mutarrifu akatabasamu. "Nimefunga, mke wangu. Na bamba la jiwe halina miguu."

Shifaa akamsogezea sahani. Hakuwa amekubali, ila tende zilikuwa tayari na mtu alikuwa na njaa.

Katika mwezi huo ilinyesha mvua moja kubwa, na baada ya Alhamisi ya nne watoto wakaanza kuharisha. Kwanza walikuwa wawili, kisha watano, kisha kumi na mmoja. Aliyezidiwa kuliko wote alikuwa Arwa, binti wa miaka mitatu, mtoto pekee wa mwanamke aitwaye Nusaiba. Macho yalimwingia ndani, ngozi yake ikikawia kurudi kila ilipobanwa, na mama yake hakuthubutu hata kusinzia.

Watu walimwendea kadhi wao, Sheikh Bishri, kumwuliza kuhusu maji. Naye akaenda birikani, akayatazama, akayanusa, akayaonja. Akasema, "Birika hili lazidi mara nyingi kulla mbili, kipimo cha maji mengi katika sheria, na maji mengi kiasi hiki hayanajisiki mpaka ibadilike rangi yake, au ladha yake, au harufu yake. Sikuona mabadiliko. Maji haya ni twahara." Hukumu hiyo ilikuwa sahihi kama ilivyo vitabuni, wala hatumlaumu mwanachuoni kwa kusoma. Lakini waliomsikia waliambiwa maji yanafaa kwa udhu, wao wakaelewa yanafaa kwa kila kitu. Wakarudi majumbani wakawanywesha wagonjwa maji yale yale, tena kwa wingi, tena kwa bismillahi.

Basi ikiwa si maji, ni nini? Watu wakitafuta wa kulaumiwa hawakosi. Palikuwa na mjane aitwaye Lubaba, mgeni kutoka bonde jingine, aliyeishi kwa mbuzi wake ishirini. Juma lile mbuzi mmoja wa Lubaba alikufa. Hilo likatosha. Wakasema maradhi yametoka zizini mwake, na likapita shauri kwamba baada ya sala ya Ijumaa atolewe kijijini, yeye na wanyama wake. Maji mengine ya karibu yalikuwa mwendo wa siku tatu, kwenye jua la kuchoma. Kumfukuza wakati ule kulikuwa kumwua, ila kwa jina lenye heshima.

Habari ile ikamfikia Mutarrifu. Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, akapanda mlima. Alitembea akigusa bamba moja moja kama zamani, na kila lililokaa sawa lilimpa matumaini kwamba hana kosa. Alipokaribia chemchemi akaliona. Mzizi wa mtini mwitu ulikuwa umeinua bamba moja na kulisukuma kando, na mfereji ukabaki wazi kwa upana wa mikono miwili. Juu kidogo ya pale wasafiri walikuwa wamefanya kituo kipya cha ngamia. Walilala hapo, wakaendea haja hapo, na mvua ile moja iliyaosha yote yakaingia mferejini. Ndani ya ule uwazi mmea wa majani mapana ulikuwa umeota na kuanza kutoa maua. Mutarrifu aliijua mimea ya mlima ule. Huu ulikuwa na mwezi mzima.

Akakaa chini. Alikuwa peke yake, na nafsi ikaanza kumsemesha kwa upole, kama inavyosema na watu wema. Ikamwambia: ung'oe mmea huu, lirudishe bamba mahali pake, na baada ya siku chache maji yatajisafisha yenyewe. Watoto watapona, Mola akipenda. Jina lako litabaki, na watu wataendelea kupata mfano wa kuufuata. Kuhusu mjane, mwombee dua. Mutarrifu alilisikiliza shauri hilo mpaka mwisho, na hilo nalo lilimtia aibu baadaye. Kisha akainuka. Akabomoa ukingo wa mfereji mahali palipo juu ya ule uwazi, maji yakamwagikia bondeni, na birika halikupata tena hata tone. Bamba hakuligusa, wala ule mmea.

Baada ya sala ya Ijumaa watu walibaki msikitini, na Lubaba akasimamishwa mlangoni. Kadhi Bishri akamwuliza kama ana la kusema.

"Ninalo, Sheikh," akasema Lubaba. "Mbuzi wangu wanakunywa horini, chini ya birika. Nyinyi mnachota juu yao. Tangu lini maji ya Wadi Harda yakapanda mlima?"

Wengine wakainamisha vichwa, wengine wakanung'unika. Hapo Mutarrifu akasimama katika safu ya mbele.

"Mwacheni mwanamke huyu," akasema. "Sheikh wetu, fatwa yako ya udhu ni sahihi. Lakini maji yanaweza kufaa kwa viungo na yasifae kwa tumbo. Mfereji uko wazi juu kule, na uchafu wa wasafiri umeingia. Ungefungwa siku ile ile kama ningepanda. Sikupanda. Alhamisi tano nimesimama mlangoni hapa nikawaambia kunyweni kwa dhamana yangu, nami sijui ninachokidhamini. Nilisema uongo nyumbani kwa Mwenyezi Mungu, mara tano."

Mngedhani watu wangeghadhibika. Lakini walifanya jambo ambalo watu wacha Mungu peke yao ndio huweza kulifanya: walikataa kumsadiki. Mfua shaba mmoja mwenye sauti nene, jina lake Zuraiku, akainuka akilia machozi. "Tazameni unyenyekevu!" akasema. "Mja wa Mungu amefunga Alhamisi zote hizo, sisi tukila, na sasa anataka kubeba dhambi ya mwingine mabegani mwake!" Msikiti mzima ukasema, "Subhanallah." Na Lubaba mlangoni akaona kwamba ukweli umesemwa, na bado haujamfaa kitu.

Mutarrifu alikasirika, na hasira yake ilikuwa juu ya nafsi yake kuliko juu yao. Akapaaza sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mahali pale. "Saumu hiyo mnayoisifu ndiyo iliyoacha mfereji wazi! Nilishinda humu ndani kwa raha ya roho yangu, na watoto wenu wakanywa kinyesi. Msinisadiki mimi. Pandeni mkaone."

Wakapanda, kadhi mbele na Lubaba kati yao. Walipofika, Sheikh Bishri alipiga magoti, akaingiza mkono mferejini, akaung'oa ule mmea na mizizi yake mirefu. Akaugeuza mara mbili, akakitazama na kile kituo cha ngamia.

"Huu haukuota jana," akasema kadhi. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Nami nilijibu nilichoulizwa. Mtu mwenye watoto kumi na mmoja wagonjwa mbele yake alipaswa kuuliza zaidi."

Siku ile ile bamba jipya liliwekwa, mtini ukang'olewa, na wasafiri wakaonyeshwa kituo kingine upande wa chini wa mlima. Birika lilikaushwa, likasuguliwa kwa chokaa, likasuuzwa mara tatu. Mpaka lilipojaa tena, hakuna aliyekunywa maji yasiyochemshwa, na wagonjwa walipewa maji hayo kidogo kidogo yametiwa asali na chembe za chumvi. Mutarrifu alivuliwa usimamizi, wala hakuomba abakizwe. Kadhi akampa kazi hiyo Zuraiku, ili sauti yake ipate la maana la kutangaza.

Mutarrifu akamwendea Lubaba amwombe radhi. Mjane akasema, "La kwangu nimekusamehe. La watoto, kawaombe mama zao."

Akaenda. Alipita milango kumi na mmoja, na katika kila mlango alisema maneno yale yale: "Mimi ndiye niliyekuambia maji ni salama, na sikuwa nimeyaona." Wengine walimsamehe haraka kuliko alivyostahili. Wengine walimfokea, naye akasimama mpaka walipomaliza. Mlango wa mwisho ulikuwa wa Nusaiba. Arwa alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, anapumua kwa shida. Nusaiba hakusamehe wala hakufoka. Alinyoosha mkono, akachukua kiriba kilichoning'inia ukutani, akakitupa miguuni pa Mutarrifu.

"Kutoka kwenye jicho la chemchemi," akasema. "Asubuhi na alasiri. Mpaka nikwambie basi."

Mutarrifu aliinama akakiokota. Alipanda mlima mara mbili kila siku, yeye aliyeshindwa kuupanda mara moja kwa juma, akateka maji pale yanapotoka kwenye jiwe, akayachemsha mwenyewe uani pa Nusaiba na kumpa kimyakimya. Wale watoto kumi walipona mmoja baada ya mwingine. Arwa alikawia. Siku ya kumi na nane alikaa. Siku ya ishirini na tisa alidai mkate, akalia hasa aliponyimwa wa pili, na mama yake akalia pamoja naye kwa furaha.

Asubuhi ya siku ya arobaini Mutarrifu alipofika uani alimkuta Arwa amesimama mlangoni kwa miguu yake, ameshika nguo ya mama yake. Nusaiba akakipokea kiriba, akakitundika ukutani.

"Basi," akamwambia. "Sasa nenda kaswali."

Ndugu zangu, saumu ya sunna ni johari, na hatusemi mtu aiache. Tunasema tu kwamba yuko mtu anayekunywa kwa kuamini neno lako, na haki yake kwako iko mbele ya kila ibada ya ziada. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaopanda kwanza, kisha ndipo wakatangaza.