Nani Alilishika Gurudumu Kwenye Kona ya Wazee

Paukwa nasema, na anayeitika aitike kwa sauti ya chini. Hadithi hii haipendi kelele, na mwishoni mtajua kwa nini. Wewe uliyekaa karibu na mlango, urudishe.

Huko juu Milima ya Taita kuna kijiji kiitwacho Ngulunyi. Watu wake hulima kabichi na viazi, na kila kinachouzwa hushushwa bondeni kwa baiskeli, gunia nyuma na gunia mbele, kwenye barabara ya udongo mwekundu isiyo na huruma kwa mwenye haraka. Katikati ya mteremko kuna pango, na ndani ya pango mafuvu ya wazee wa zamani yamepangwa safu, nyuso zikitazama mawio ya jua. Chini ya pango barabara inapinda ghafla. Hiyo ndiyo Kona ya Wazee. Upande wa kulia ni mwamba, na upande wa kushoto ni hewa tupu.

Desturi ya kona ile ni moja tu: kimya. Hupigi kengele, huimbi, hupigi chafya ukiweza kuizuia. Mvua ikinyesha raba za breki huteleza kwenye rimu za chuma kama sabuni kwenye mkono, na watu wawili wa kijiji kile walipitiliza na kwenda zao bondeni. Majirani waliokuwa nyuma yao wanaapa kwamba hakuna hata mmoja aliyepiga kelele. Walianguka kimya, magunia yao yakawafuata kimya. Mimi kila nikifika hapa mwili hunisisimka, nanyi msijifanye mashujaa.

Sasa, Ngulunyi kulikuwa na watu watatu wenye vipawa.

Wa kwanza ni Wawuda, fundi wa baiskeli, mwanamke mfupi mwenye maneno makali. Kipawa chake kilikuwa masikio. Mlete baiskeli, ainue gurudumu, alizungushe mara moja akiwa amefumba macho, atakwambia spoku ipi imelegea na mkeo amekununia kwa sababu gani.

Wa pili ni Mwadime, mshusha kabichi. Kipawa chake kilikuwa mikono. Wengine hukamata breki kama anayekaba mwizi. Yeye aliibonyeza kwa vidole viwili, akaachia, akabonyeza, na baiskeli yenye kilo mia ikashuka kama inayoongozwa kwa kamba.

Wa tatu ni Kidede, mtunza pango, mtu mkavu asiyecheka ovyo. Kipawa chake kilikuwa sauti. Mara moja kwa mwaka aliingia pangoni, akawaita wafu kwa majina yao, na mlima wa pili ukaitikia. Siku nyingine zote alinong'ona. Sauti ile, alisema, si yangu, nimepewa kuitunza.

Watatu hawa walifanana kwa jambo moja la huzuni. Wawuda hakujaliwa mtoto. Mtoto wa Mwadime alikufa mchanga. Kidede hakuoa, na ukoo wake ulikuwa unaishia kwake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na somo, yaani mtoto, wa kike au wa kiume, aliyepewa jina lake. Na Ngulunyi wanaamini kwamba asiye na somo, akifa, hana wa kumwita. Huzunguka tu kwenye ukungu akisikiliza majina ya wenzake.

Basi mwaka mmoja wageni walikuja kushindana mbio za baiskeli milimani. Mmoja akavunja fremu yake, akamwachia Wawuda mabaki. Wawuda akatazama rimu. Zilikuwa nyeusi, na pale breki inaposhika zilikuwa zimevishwa ngozi ya kauri, ngumu kama ya sahani ya wageni. Akachukua tupa, akakwaruza kwa nguvu zake zote. Tupa ikatoka imeng'aa, rimu haikutoka hata alama.

"Mwadime kaka yangu," akasema, "lete baiskeli yako. Hizi hazitakutupa."

Na kweli hazikumtupa. Rimu ya kawaida, mchanga na matope huila kwa masika moja tu, ukingo ukapasuka. Hizi zilimaliza mwaka mzima wa kabichi na ngozi yake bado ipo. Kwenye mvua zilishika kama kwenye jua. Zilikuwa na tabia mbili mbaya: zilikula raba za breki kama mbuzi kwenye shamba la jirani, na zilipokamatwa zilipiga ukelele. Si mlio wa chuma tuliouzoea. Ulikuwa ukelele mwembamba, mrefu, wa mtu.

Siku ya kwanza Mwadime aliposhika breki kwenye Kona ya Wazee, ukelele ule uliingia pangoni na ukachelewa kutoka. Kesho yake Kidede alibisha kwake, uso umemparama.

"Fuvu la mwisho limegeuka," akanong'ona. "Linatazama ukuta."

"Labda panya, mjomba."

"Panya gani anayegeuza moja na kuacha kumi na tisa? Nyamazisha hicho kitu chako."

Mwadime akafanya kosa ambalo mtu wa Ngulunyi peke yake angeweza kulifanya. Pale kijijini wazee wakikasirika hupakwa mafuta ya kondoo, kila fuvu tone moja kwenye paji. Yeye akachukua mafuta yaleyale akapaka rimu, kwa heshima na moyo mweupe. Baiskeli ikanyamaza kabisa. Wawuda alimsikia akipita mbele ya kibanda, akatupa spana akamkimbilia.

"Simama! Gurudumu lako halisemi kitu!"

"Ndivyo nilivyotaka, dada."

"Mjinga wewe! Breki isiyosema kitu haishiki kitu. Ungefika bondeni kabla ya kabichi zako."

Akazisugua rimu kwa majivu na maji moto mpaka mafuta yakaisha. Raba zilizonyonya mafuta akazitupa. Nyingine akazifunga kwa kuzielekeza pua, ncha ya mbele iguse kwanza, na ukelele ukapungua ukawa mguno. Kidede akaridhika nusu. Fuvu la mwisho alilirudisha mara tatu, na mara tatu alilikuta limetazama ukuta. Mara ya nne akaliacha.

Sasa sogeeni.

Ulikuja mwezi wa Aprili, mvua siku ya tatu bila kupumua. Saa sita za mchana kulikuwa na ukungu mzito, mtu hauoni mkono wake. Mkawasi, mke wa mwalimu aliyekuwa safarini, alishikwa na uchungu. Mkunga akapapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, na asipofika zahanati ya bondeni kabla ya jioni watazikwa wawili. Gari halikuweza kupanda. Machela ingechukua saa tano.

Wawuda alikuwa na jozi moja tu ya raba mpya, ngumu, za rimu zile. Alikuwa amejiwekea. Akazifunga, akainua gurudumu, akalizungusha, akasikiliza muda mrefu kuliko kawaida.

"Liko sawa?" Mwadime akauliza.

"Liko sawa. Ila nasikia kama kuna mtu mwingine anasikiliza."

Mwadime akafungwa pamoja na Mkawasi kwa leso mbili, mgongo wake kwenye tumbo la mama. Akashuka. Vidole viwili, bonyeza, achia, bonyeza, akiikausha rimu kidogo kidogo ili isimgomee. Mkawasi aliuma leso asipige kelele, maana walikuwa wanaikaribia kona. Hata mtoto tumboni, anasema, alitulia.

Wakati huohuo Kidede alikuwa amekwenda kuziba maji yasiingie pangoni. Alipotoka, upepo uliupasua ukungu kidogo, akaona jambo ambalo aliye juu barabarani asingeliona: barabara kwenye kona ilikuwa imekatika. Nusu yake imekwenda bondeni, na nusu iliyobaki imeegemea mwamba. Na ndani ya ukungu akasikia mguno wa gurudumu analolijua.

Akinyamaza, ni wafu wawili au watatu. Akipaza sauti, amevunja kile ambacho babu yake na babu wa babu yake hawakukivunja, na pahali penyewe ni mlangoni mwao. Nimewahi kusikia watu wakisema hakusita. Uongo. Alisita. Kisha akajaza kifua akaitumia sauti ile yote, ya mwaka huo na ya miaka iliyobaki:

"SIMAMA!"

Mwadime akafunga vidole. Rimu zikalia, ukelele ule wa mtu, mrefu, na pango likaujibu kwa ukelele mwingine ambao haukuwa mwangwi, kwa sababu ulianza kabla. Baiskeli ikasimama. Tairi la mbele lilikuwa limevuka ukingo, linaning'inia hewani, kokoto zikidondoka chini yake bila kusikika zikifika.

Wakarudi nyuma hatua kwa hatua, wakapita wakikwaruza mwamba kwa mabega, wakafika zahanati. Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzima. Lakini hakulia. Akapumua, akafumbua macho, akanyonya, na hakulia.

Kidede naye, tangu neno lile moja, hajasema jingine. Akifungua kinywa hutoka pumzi tu.

Baada ya siku mbili Wawuda aliliinamia gurudumu la nyuma. Ile ngozi ya kauri iliyoshinda tupa, iliyoshinda mwaka wa mchanga, ilikuwa imebanduka mahali pamoja. Mistari minne, sambamba, kila mmoja upana wa kidole, na pembeni kidogo mmoja mfupi. Akaweka mkono wake juu ya alama zile. Zilimzidi.

"Ulishika gurudumu kwa mkono?" akamwuliza Mwadime.

"Mikono yangu ilikuwa kwenye breki. Mwulize Mkawasi."

Mkawasi akasema, "Mimi sikumwambia mtu. Tuliposimama kuna aliyenikumbatia kwa nyuma. Nilidhani ni baridi."

Kidede akapelekwa pangoni akaangalie. Alirudi akaonyesha kwa ishara: fuvu la mwisho limegeuka tena. Sasa linatazama barabara. Mkunga akamwuliza la nani. Akatikisa kichwa. Lile ndilo fuvu pekee ambalo hakuwahi kufundishwa jina lake, na kila mwaka alipowaita wenzake kumi na tisa, lile alilipita.

Siku ya saba ikafika, siku ya jina. Ngulunyi jina husemwa mara moja, na likisemwa halirudi. Bibi mzaa mama akamwambia Mkawasi, "Mwanangu, mtoto huyu anangoja kusikia jina lake ndipo alie. Ukikosea, atangoja mpaka mwisho wa maisha yake."

Watatu wakaja, kila mmoja amevaa nguo yake nzuri.

Wawuda akasema, "Sitaki kujisifu, lakini mkono mzuri kwenye rimu mbaya ni mkono wa marehemu. Mlisimama kwa sababu rimu zilishika. Raba zile zilikuwa zangu za mwisho. Nikifa sina wa kuniita."

Mwadime akasema, "Dada ana haki. Lakini baiskeli nzuri haijishushi. Mtu mwingine angekaba breki, tukapinduka wote. Nilimzika mwanangu bila kumzoea. Jina langu limekaa bure."

Kidede hakusema. Akagusa koo lake, akaweka kiganja kwenye kifua cha mtoto, akarudi nyuma. Kila aliyekuwapo alielewa. Alikuwa nayo sauti moja duniani, na ndiyo aliyoitoa.

Mkawasi akawatazama mmoja mmoja, machozi yakimtoka. Aliwapenda wote, na hilo halikumsaidia. Ukitoa rimu, wamekufa. Ukitoa mikono, wamekufa. Ukitoa sauti, wamekufa. Akamtazama mtoto. Mtoto hakuwa anamtazama yeyote kati ya watatu. Alikuwa anatazama mlangoni, juu kidogo, pale ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwa. Na mlango ulikuwa wazi, ukungu unaingia taratibu.

Mkawasi akafungua kinywa ili aseme jina.

Hapo ndipo babu yangu alipokuwa akinyamaza, na mimi nanyamaza hapohapo. Nyinyi mna midomo. Amwite Wawuda aliyetoa ngozi ngumu, au Mwadime aliyejua kuishika, au Kidede aliyebaki bubu? Au kuna wa nne, aliyeacha vidole vyake kwenye kauri, ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemwita, na jina lake hakuna anayelijua?

Je, wewe ungeamua vipi? Jibu kwa sauti ya chini, tafadhali, maana asiyeitwa husikiliza. Na yule niliyemwambia arudishe mlango, mbona uko wazi?