Wiki Moja Kwenye Nyasi

Wapendwa, mfano wa leo unatoka mbali, nchi ya Rumania, mashariki mwa Ulaya. Mji wenyewe msiutafute kwenye ramani, maana ni mfano. Chukueni tu kwamba ni mji wa kiwanda cha mabehewa ya treni, theluji inakaa miezi mingi, na kuna klabu ya mpira. Klabu hiyo haikuwa na makombe ya kuonyesha wageni. Ila kila timu kubwa ya nchi ile ilikuwa na mchezaji aliyekulia pale, na watu walimtambua mtoto wa pale kabla hawajaambiwa jina lake. Mpira ukimjia aliutuliza, akaukanyaga, akainua uso kuwatazama wenzake. Hakuwa na haraka.

Klabu ilikuwa na viwanja viwili. Kimoja kilikuwa cha nyasi. Cha pili, nyuma ya kiwanda, kilitandikwa mabaki ya makaa yaliyokwisha kuungua kwenye matanuru. Waliyamwaga pale, wakayashindilia, wakachomeka magoli. Watu walikiita "kweusi". Ukianguka kweusi, unaamka na damu.

Sasa niwaulize. Ninyi mngempa nani zile nyasi? Mngewapa wakubwa, wenye mechi na wenye mashabiki. Mwalimu aliyeianzisha klabu aliwapa watoto. Wakubwa waliingia kwenye nyasi siku ya mechi tu. Siku nyingine zote walifanya mazoezi kweusi, na watoto wa shule ya msingi wakacheza kwenye nyasi. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, na hakuna aliyehoji.

Hadi alipohoji nahodha.

Nahodha huyu alikuwa mtoto wa pale pale. Hakuwahi kuhamia timu nyingine. Mwaka ule goti lake lilikuwa limevimba, timu ilikuwa mkiani, na ilibaki mechi moja. Wakifungwa, wanashuka daraja. Alijua kwamba mji mzima ungekumbuka jina la aliyevaa kitambaa cha nahodha siku timu iliposhuka. Kila asubuhi alifunga goti lake bandeji, akaenda kweusi, na njiani aliwapita watoto wakikimbizana kwenye nyasi, wengine wamelala chali wanacheka.

Akamwendea mwalimu, ambaye kwa wakati huo alikuwa mzee.

"Mwalimu, tupe nyasi. Wiki moja tu."

"Wewe ulijifunzia wapi?" mzee akamuuliza.

"Kwenye nyasi."

"Na wakubwa wa wakati huo walikuwa wapi?"

"Kweusi."

"Hawakuwa na mechi?"

Nahodha alikuwa na jibu moja tu, goti lake, na goti si jibu la swali lile. Akatoka, akaenda kwa mwenyekiti wa klabu.

Mwenyekiti hakuchukua muda. "Watoto hawawezi kutushusha daraja," alisema. "Ninyi mnaweza. Chukueni nyasi." Akamwita mwalimu, akampa agizo.

Mwalimu alisema neno moja. "Sawa. Lakini akawaambie yeye mwenyewe."

Nahodha akaenda. Watoto wakamzunguka, kama watoto wanavyomzunguka mtu wanayemwona kwenye mabango. Mbele yao alisimama mmoja aliyevaa kofia ya sufu ya kijani, kubwa kuliko kichwa chake.

"Wiki hii mtafanyia mazoezi kweusi," nahodha akawaambia.

"Tumekosa nini?" akauliza mwenye kofia.

"Hamjakosa kitu. Tunajiandaa na mechi. Wiki moja tu, halafu mnarudi."

"Na mkifungwa?"

"Hatufungwi."

"Jumapili mlifungwa."

Wenzake wakacheka. Nahodha naye akacheka, akamvuta ile kofia hadi ikamfunika macho. "Wiki moja," akasema. "Neno langu."

Watoto wakabeba mipira yao. Mmoja akarudi mbio kuchukua glavu alizosahau golini, kisha akawafuata wenzake nyuma ya kiwanda.

Wapendwa, wakubwa walishinda mechi ile. Nahodha ndiye aliyefunga bao, kwa kichwa. Mashabiki waliingia uwanjani wakambeba mabegani, mji haukulala, na hata mwalimu mzee alionekana akipiga makofi. Kama mfano ungeishia hapa mngesema nahodha alikuwa na haki, na mimi ningekosa la kuwaambia.

Jumatatu watoto walikuja na viatu vyao hadi kwenye lango la uwanja wa nyasi. Wakakuta limefungwa kufuli. Mwenyekiti alikuwa amesajili wachezaji kutoka miji mingine, na wachezaji wa kununuliwa hawapelekwi kwenye makaa. Nahodha alipofika, mwenye kofia alikuwa ameshika nondo za lango.

"Bado kidogo," nahodha akamwambia. "Msimu ukishaanza."

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Watoto wana adabu; ukiwaambia bado kidogo, wanakuamini.

Msimu ukaanza. Timu ikayumba, ikawa si wakati mzuri wa kurudisha nyasi. Kisha timu ikafanya vizuri, ikawa si wakati mzuri wa kubadili mambo. Mwalimu mzee akastaafu, akaenda kukaa kwa binti yake. Nahodha kila alipopita langoni alisema bado kidogo, hadi ukafika mwaka ambao hapakuwa na mtu langoni wa kumwambia. Alipumua. Alidhani wamezoea.

Goti likamshinda, akaacha kucheza. Klabu ikampeleka kusomea ualimu wa mpira, akarudi kuifundisha timu ya wakubwa. Sasa yeye ndiye mwalimu. Na mwaka wake wa kwanza tu, beki wake wa kushoto alinunuliwa na timu kubwa. Hakushtuka. Tangu zamani klabu ile ilipompoteza beki, mwalimu alivuka kwenda kwa watoto, akachagua mwingine. Akavaa koti, akavuka kwenda kweusi, akiwa na hakika kabisa.

Akasimama pembeni, akatazama. Akatazama muda mrefu.

Vijana walikuwa wengi na wenye mbio. Lakini mpira haukutulia. Ukimfikia mmoja anaubutua, ukimfikia mwingine anaubutua, unaruka juu kama unaunguza. Hapakuwa na aliyeukanyaga, wala aliyeinua uso. Mwalimu akadhani ni baridi. Akaomba mpira, akamsukumia kijana aliyekuwa karibu, taratibu, pasi ya kumpa mtoto wa miaka sita. Yule kijana akaubutua hadi ukagonga ukuta wa kiwanda.

"Mbona hukuutuliza?" mwalimu akamuuliza.

"Ukiutuliza, watakukaba."

"Wakukabe. Kuna nini?"

"Ukikabwa utaanguka, mwalimu."

"Na ukianguka?"

Kijana alimtazama kama mtu anayeulizwa moto unafanya nini. Akakunja suruali. Magoti yake yote mawili yalikuwa na madoa meusi chini ya ngozi, punje za makaa zilizoingia kwenye vidonda, ngozi ikaota juu yake. Hazitoki zile. Mtu huzikwa nazo.

Mwalimu akayafikiria magoti yake mwenyewe. Alikuwa na mishono ya madaktari, alikuwa na uvimbe. Doa jeusi la utotoni hakuwa nalo hata moja. Wakubwa wa enzi zake walikuwa wameyabeba yale madoa badala yake.

Ndipo akaiona kofia. Ilikuwa ya sufu, ya kijani, imechakaa, na kichwani mwa kijana huyu ilienea barabara.

"Hiyo kofia ni ya nani?"

"Ya kaka."

"Kaka yako yuko wapi?"

"Kiwandani. Aliacha mpira zamani."

"Kwa nini aliacha?"

Kijana akashusha suruali yake. "Sijui vizuri," akasema. "Huwa anasema kuna wiki moja ilimchosha."

Mwalimu hakuchagua beki siku ile. Alitembea hadi kwenye uwanja wa nyasi, akawatoa wakubwa, akachukua ufunguo kwa mlinzi, akafungua lango, akauacha ufunguo mfukoni mwake. Mwenyekiti alifika akiwa hajafunga vifungo vya koti.

"Umepatwa na nini? Jumapili tuna mechi."

"Tutafanyia mazoezi kweusi."

"Wachezaji wa bei ile? Watagoma."

"Atakayegoma aende."

"Tutashuka daraja, bwana."

"Mwenyekiti, tulishashuka," mwalimu akasema. "Tulishuka siku ile nilipofunga bao. Msimamo wa ligi ulichelewa tu kututangazia."

Wakashuka kweli. Msimu ule ule. Waliombeba mabegani ndio waliompigia miluzi, na walioandika magazetini waliandika kwamba nahodha wa zamani ameiua timu yake. Yeye alikaa jukwaani siku za kazi, bila mashabiki, akiwatazama watoto kwenye nyasi. Wiki za mwanzo waliendelea kubutua. Miguu ilikuwa imerudi kwenye nyasi, woga ulikuwa bado kweusi. Kisha siku moja mtoto mmoja mdogo, pengine kwa uchovu tu, mpira ulimjia akaukanyaga. Mwenzake aliyekuja kumkaba akaanguka, naye akaanguka, wakalala pale chini wakisubiri maumivu. Maumivu hayakuja. Wakaanza kucheka.

Mwalimu alifunga koti lake, akaenda zake nyumbani. Aliyekutana naye njiani alimwona anatabasamu, akadhani amechanganyikiwa. Lakini alikuwa ameona alichotaka kuona. Alijua watapanda, na alijua watapanda na nani.

Na walipanda. Ilichukua muda, lakini walipanda, na waliokuwa uwanjani siku hiyo karibu wote walikulia kwenye zile nyasi. Beki wa kushoto, yule wa kofia ya kaka, alikuwa mkubwa kuliko wenzake kidogo. Yeye peke yake alikuwa na madoa meusi magotini. Alikuwa wa mwisho kuwa nayo.

Huo ndio mfano. Nimewaona vijana wa kwaya mnatabasamu, leo mchungaji kahubiri mpira. Subirini.

Tulipoanza kuezeka upya jengo hili, Shule ya Jumapili ilikuwa humu ndani. Tukawaambia watoto wahamie kwenye lile banda la mbao nyuma ya jiko, kwa muda, mpaka paa likamilike. Nani alikuwepo? Wengi wetu tulikuwepo, na tulisema amina. Paa likakamilika. Ikaja dari. Dari ikakamilika. Vikaja vipaza sauti, kwa sababu mahubiri hayasikiki nyuma. Na leo wazee wa usharika wanasubiri nitangaze mchango wa viti vya mito kwa safu za mbele, kwa sababu benchi linaumiza mgongo. Naliamini hilo la mgongo. Hata goti la nahodha lilikuwa limevimba kweli.

Lakini niambieni, ule muda uliisha lini? Nani alikwenda kuwaambia watoto kwamba umeisha?

Mama mmoja wa usharika huu aliniambia mwanawe hataki tena kuja. Nikamuuliza sababu. Akasema, mchungaji, anarudi nyumbani ananuka moshi, macho mekundu, na nikimuuliza kafundishwa nini, ananiambia walikuwa wanakohoa. Mtoto huyo hajifunzi kumwacha Mungu. Anajifunza kwamba nyumba ya Mungu ni mahali unapotaka kutoka haraka. Akipata mpira, ataubutua.

Na wale tuliowahamisha mwanzo? Sasa ni watu wazima. Watafuteni humu. Mwaka jana tulifanya semina ya siku nzima yenye mada "Vijana wamekwenda wapi?" Tulikula wali, tukaomba kwa machozi, tukafunga semina. Banda liko hatua chache kutoka pale tulipokaa, na hakuna aliyekwenda kuchungulia.

Mnalijua Neno linavyosema juu ya watoto. Sitalisoma, mmelikariri tangu mkiwa wadogo, mkiwa mmekaa humu ndani.

Sitawaombea mchango leo. Wala sitaunda kamati. Geukeni mtazame mlangoni. Mwalimu wa Shule ya Jumapili amewaleta kama nilivyomwomba, wamesimama pale kwa adabu, wanasubiri kuambiwa bado kidogo. Msiwaambie. Wazee wangu, mama zangu wa safu za mbele, naomba tusimame. Mzee, nakupa mkono, taratibu. Watoto, njooni mkae, na atakayetaka kulala chali alale.

Sisi twendeni bandani, ibada itamalizikia kule. Moshi upo, mtauzoea, wao waliuzoea. Mabenchi ni machache, watakaokosa watasimama.

Msiwe na wasiwasi. Ni kwa muda tu.