Digidigi na Pikipiki ya Wajomba

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, lakini siyo kale sana, maana pikipiki zilikuwa zimeshafika, Digidigi aliishi Kichangani na wajomba zake wawili. Mkubwa alikuwa Mjomba Nyati, mdogo alikuwa Mjomba Kiboko.

Hawakuwa ndugu wa damu, hilo mnaliona wenyewe. Lakini Digidigi alipobaki yatima, hao ndio waliomchukua, wakamlisha, wakamfundisha kuamkia wakubwa. Walimpenda kupita kiasi.

Na hapo kwenye kupita kiasi ndipo mambo yalipoanzia.

Digidigi alikuwa na ndoto moja tu: pikipiki ya mbio. Siyo ile ya kubebea magunia. Ile ambayo unainama mpaka kidevu kinakaribia tangi, na upepo unakupita mgongoni fyuuu! Wajomba walimwahidi kwamba mavuno yakiisha watamnunulia. Mavuno yakaisha. Wakaongozana watatu mpaka dukani kwa Fisi, pale njia panda.

"Hodi hapa!"

"Karibuni, karibuni wakubwa!" Fisi akatoka akijifuta grisi mikononi. "Leo mmeniletea baraka."

Pikipiki za mbio zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ndogo, ya kijani, ikiitwa Nzige. Digidigi aliijua vizuri. Kila jioni alikuwa akija kumsaidia Fisi kufuta vumbi pikipiki zake, na Fisi humwachia aizungushe Nzige uani. Ua wenyewe ulikuwa mdogo kama jiko, kwa hiyo alikuwa akienda polepole, polepole, pembeni ya matairi na makopo ya oili.

Ya pili ilikuwa nyeusi, kubwa kama fahali aliyelala. Iliitwa Ngurumo. Kila aliyeinunua aliirudisha. Wa mwisho kuirudisha alikuwa kijana Swala, na siku ile alikuja akichechemea. Mpaka leo anachechemea.

Fisi hakulisema hilo. Aliwasha tu injini.

VUUUM! Kuku wakaruka. Bati la duka likatetemeka.

"Hee!" Mjomba Nyati akapiga kwato. "Hii ndiyo pikipiki!"

"Mjomba, mimi nimeipenda ile ya kijani," Digidigi akasema.

"Ile? Ile ni ya watoto."

"Mimi ni mtoto, mjomba."

"Wewe ni mpwa wa Nyati! Unataka watu waseme nimekununulia mdudu?"

Mjomba Nyati akambeba Digidigi, akamkalisha juu ya Ngurumo. Masikini! Miguu yake ilining'inia huku na huku kama soksi kwenye kamba. Ardhi aliiona kwa mbali.

"Sifiki chini, mjomba."

"Miguu itarefuka," Mjomba Kiboko akamtuliza.

"Mjomba, mimi ni digidigi. Hii ndiyo miguu yote niliyopewa."

"Usijali, mwanangu. Mimi nimekuletea kofia ngumu." Mjomba Kiboko akaitoa kapuni. Alikuwa ameichagua kwa kuijaribu kichwani kwake mwenyewe. Akamvalisha.

Dooo! Digidigi akapotea. Kichwa, shingo na mabega vyote viliingia, na sauti ikatokea ndani kama inatoka kwenye mtungi.

"Asante sana, mjomba!"

"Imemkaa!" Mjomba Kiboko akafurahi mpaka mdomo wa chini ukamtetemeka.

Sasa hebu fikirini, wadogo zangu. Digidigi afanye nini? Akikataa, atawaaibisha wajomba mbele ya watu, na watu walikuwa wameanza kujaa. Tena Mjomba Kiboko akiudhika hulia siku nzima. Akikubali, atakwenda kuchechemea pamoja na Swala, kama ana bahati. Alikaa gizani ndani ya kofia ile, akawaza.

Ndipo akasikia Mjomba Nyati akimnong'oneza Fisi, "Hivi... ufunguo wake unaingia wapi?"

Digidigi akatabasamu humo ndani. Kumbe! Mjomba hajawahi kupanda pikipiki maishani mwake.

Akaivua kofia. "Wajomba zangu, mmenishinda. Ngurumo ni pikipiki ya heshima."

"Si nilisema!"

"Lakini mpwa hawezi kupanda kabla ya mjomba. Naomba uizindue wewe, Mjomba Nyati. Tushindane mimi na wewe, kutoka hapa dukani mpaka kwenye mashine ya kusaga. Wewe na Ngurumo, mimi na Nzige."

Watu wakacheka kwa! kwa! kwa! Mjomba Nyati akacheka zaidi ya wote.

"Na huyo mdudu wako?"

"Na huyu mdudu wangu. Ukinishinda, naichukua Ngurumo na sitasema neno. Nikikushinda, nachagua mwenyewe."

"Haya, twende!"

"Ila mimi ni mdogo, mjomba. Niachie basi nipange namna ya kushindana."

"Panga, mwanangu, panga! Panga unavyotaka, kushindwa utashindwa tu. Naapa kwa pembe zangu, mbele ya hawa wote!"

"Wote mmesikia?"

"Tumesikiaaa!"

"Vizuri," Digidigi akasema. "Atakayefika wa mwisho ndiye mshindi. Na atakayegusa chini njiani, ameshindwa."

Mjomba Nyati akaacha kucheka.

"Wa... wa mwisho?" Mjomba Nyati akauliza.

"Wa mwisho, mjomba."

"Hayo ni mashindano gani?"

"Ni ya kwangu. Umeapa kwa pembe."

Mjomba Nyati akajishika pembe. Angerudi vipi nyuma? Akamtazama Mjomba Kiboko, Mjomba Kiboko akatazama mawingu.

Wakatafuta mwamuzi. Bahati nzuri Bibi Kobe alikuwa akipita kuelekea sokoni. Alianza kupita tangu asubuhi.

"Mwendo wa polepole?" Bibi Kobe akasema. "Hatimaye watu wameanza kuwa na akili. Jipangeni. Moja... mbili..." Akapumzika kidogo. "Tatu."

Digidigi akaondoka juu ya Nzige, tuk-tuk-tuk, kama alivyozoea uani. Klachi kidogo, mafuta kidogo, macho mbele. Alikwenda taratibu mpaka kipepeo akampita.

"Unakimbilia wapi, mjukuu wangu?" Bibi Kobe akamgombeza, akitembea pembeni yake. Digidigi akapunguza tena.

Nyuma yake mambo yalikuwa magumu.

"Achia klachi polepole, mkubwa!" Fisi akapiga kelele.

"Najua, najua!"

Krrr-DU! Ngurumo ikaruka kama iliyoumwa na nyigu, ikazima. Fisi akaishikilia isianguke, akaiwasha tena. VUM! Ikaruka. Mjomba Nyati akakaza breki, ikaelemea kushoto. Akaivuta, ikaelemea kulia. Injini ikapata moto, ikaanza kumchoma mapajani.

"Aii! Aii! Inauma, hii!"

"Kaza, kaka!" Mjomba Kiboko akamtia moyo kutoka mbali.

"Njoo ukaze wewe!"

Kwa mwendo wa kasi huenda ingesimama wima yenyewe, lakini polepole uzito wake wote uliangukia mikono ya Mjomba Nyati. Akayumba. Akayumba tena. Alipoona anaanguka, akashtuka, akazungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho.

VUUUUUUM!

"Mamaaaaa!"

Alimpita Digidigi. Alimpita Bibi Kobe. Akaenda moja kwa moja kwenye lundo la pumba nje ya mashine ya kusaga.

PU!

Pumba zikapaa angani kama moshi. Zilipotulia, zilionekana pembe mbili, na gurudumu moja likizunguka, kwiri-kwiri-kwiri.

Fisi alicheka kuliko wote. Digidigi hakucheka. Aliiacha Nzige kwenye stendi katikati ya barabara, akakimbia.

"Amegusa chini!" Fisi akaruka. "Digidigi amegusa chini! Ameshindwa!"

"Nyamaza," Bibi Kobe akamwambia. "Mwenzake alitangulia kufika, tena akagusa chini kwa pua."

"Mjomba! Mjomba, uko hai?" Digidigi akaita.

"Niko," sauti ikatoka kwenye pumba. "Ila mguu wangu uko chini ya hili dude."

Digidigi akashika usukani, akavuta kwa nguvu zake zote. Ngurumo haikutikisika hata kidogo. Mjomba Kiboko akafika akihema, akaweka bega, Mjomba Nyati akasukuma kutoka chini. Hup! Hup! Huuup! Ndipo ikainuka.

Mjomba Nyati akakaa kitako, mweupe kwa pumba mpaka kope. Akautazama mguu wake mnene, ulivyovimba pale pikipiki ilipoulalia. Kisha akautazama mguu wa Digidigi, mwembamba kama njiti ya kiberiti.

"Kiboko," akasema polepole. "Kama angekuwa yeye..."

"Usiseme, kaka." Mjomba Kiboko alikuwa ameshaanza kulia.

"Tungemvunja. Sisi wenyewe. Huku tunapiga makofi."

Digidigi akaanza kumpangusa pumba masikioni. "Mjomba, nisamehe. Nilijua huwezi kuiendesha. Nilitaka uyumbe tu kidogo, sikutaka uumie."

"Ulijuaje?"

"Ulimuuliza Fisi ufunguo unaingia wapi."

Mjomba Nyati akafumba macho. Halafu tumbo lake likaanza kutikisika, kidogo kidogo, na mara kicheko kikalipuka, wa-ha-ha-haaa! pumba zikaruka kila upande. Mjomba Kiboko akacheka huku analia. Hata Bibi Kobe alicheka, ila yeye alianza wenzake walipokuwa wanamaliza.

"Fisi!" Mjomba Nyati akaita. "Mletee mwanangu Nzige wake. Na hii Ngurumo yako irudishe ndani, kabla sijaipanda tena nikaja nayo mpaka chumbani kwako."

Fisi aliisukuma peke yake mpaka dukani, ulimi nje.

Digidigi akapanda Nzige. Miguu yote miwili ikakanyaga ardhi vizuri, pa, pa. Mjomba Kiboko akaifuta machozi ile kofia yake kubwa, akaigeuza huku na huku, mwishowe akamfunika nayo Bibi Kobe kwa ajili ya jua. Kisha akachukua kamba, akakipima kichwa cha Digidigi kwa uangalifu, mara ya kwanza, mara ya pili, akaenda dukani kwa Fisi, akarudi na kofia nyingine.

Ilipomkaa sawasawa, Digidigi akazunguka mashine ya kusaga, fyuuu! Wajomba wakasimama kumtazama, vifua mbele, kama Nzige ndiyo pikipiki kubwa kuliko zote duniani.

Aliporudi, Mjomba Nyati akamsogelea. Akaangalia kama kuna mtu anasikiliza.

"Mwanangu," akanong'ona. "Na mimi nikitaka kujifunza... unadhani nianze na ipi?"

Digidigi akamtazama kutoka pembe mpaka kwato.

"Baiskeli, mjomba."

Hadithi yangu naizima injini hapa, wadogo zangu, na funzo lake ni hili: zawadi hupimwa kwa mwili wa anayepewa, siyo kwa kifua cha anayetoa.